Askari Aliyekwenda Kudai Mshahara Wake

Mwaka 1929 mzaliwa mmoja wa Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 25, alifika Berlin akidai malimbikizo ya mshahara wa kijeshi, wake na wa baba yake. Jina lake la kuzaliwa ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba amechelewa. Miaka 15 baadaye, tarehe 24 Novemba 1944, alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya mji huohuo. Ni rahisi kumtia katika kapu la "askari mwaminifu", yule Mwafrika ambaye wapenda ukoloni wa Kijerumani walimsifu kwa kuipenda bendera ya Kaizari kuliko nafsi yake. Kwa maoni yangu kapu hilo si lake. Maisha yake yanaeleweka tukianzia kwenye deni: alikuwa mdai, na uaminifu ndiyo lugha pekee ambayo mdaiwa wake alikubali kuisikia.

Deni lenyewe lina asili yake. Baba yake alikuwa Msudani mwenye cheo cha efendi katika Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki. Chimbuko la jeshi hilo ni mwaka 1889, pale afisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alipoajiri mamia ya Wasudani kutoka Misri kuja kupigana na watu wa Pwani. Waliletwa kwa mkataba na mshahara. Kwao bunduki ilikuwa ajira, na mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya askari aliikuta ajira hiyo ikimngojea. Vita vilipoanza mwaka 1914 Mahjub alikuwa na miaka 10, anajua Kijerumani cha shuleni, na tayari alikuwa amefanya kazi ya ukarani Lindi. Aliingia jeshini pamoja na baba yake. Oktoba 1917, katika mapigano ya Mahiwa, bara ya Lindi, alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka 13. Kufikia wakati huo jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, lilikuwa limeishiwa fedha, na askari wake wengi walitoka vitani wakiwa bado wanadai. Katikati ya miaka ya 1920 Berlin ilipeleka Tanganyika fedha za kuwalipa, nayo hiyo ni hati ya kutosha kwamba deni lilitambuliwa na mdaiwa mwenyewe.

Ukiyapanga maombi yake kwa miaka, unaona mtu anayefuatilia haki moja kwa njia tofauti. Mwaka 1929 aliomba fedha, akanyimwa. Akabaki Berlin, akawa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba la starehe la Potsdamer Platz lililopamba kumbi zake kwa sura za nchi za mbali. Januari 1933, siku tatu kabla ya Hitler kuwa Kansela, alimwoa mwanamke mzungu. Mwaka uliofuata aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa vita vile, akanyimwa; akajinunulia nishani kwa muuzaji, akazivaa. Vita vipya vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshini, akakataliwa. Fedha, heshima, nafasi ya kutumikia tena: milango mitatu, jibu lilelile. Lakini pale sura yake au ulimi wake ulipohitajika, hakuambiwa amechelewa. Chuo kikuu cha Berlin kilimtumia kwa takriban miaka kumi kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Alizungushwa na Deutsche Afrika-Schau, maonyesho yaliyosimamiwa na dola, na alicheza katika filamu zaidi ya ishirini. Mdaiwa alikopa tena kwa mtu yuleyule ambaye hakumlipa mara ya kwanza.

Atakayepinga atauliza: mdai gani huyu anayevaa sare ya askari kwenye mikutano ya wapenda ukoloni, tena akaigiza mwaka 1941 katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, mwanzilishi wa koloni hilo, aliyejulikana huku kwetu kama Mkono wa Damu? Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipunguza. Filamu hiyo ilisafisha jina la mtu katili, na yeye alichangia sura yake. Hata hivyo tuitazame Berlin ya wakati ule. Mwaka 1935 alifukuzwa kazi ya uhudumu baada ya kuchongewa na wenzake. Waafrika wengi walikuwa wamenyang'anywa pasi za Kijerumani, na sheria za ubaguzi zilikuwa zikibana kazi na ndoa. Kwa mtu mweusi mwenye familia, sare ya zamani ilikuwa kama risiti mfukoni: inathibitisha kwamba aliwahi kutumikia, kwa hiyo anadai.

Pingamizi zito zaidi ni hili, kwamba jeshi alilotumikia ndilo lililozima Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907 na kuziacha nchi za kusini katika njaa iliyoua umati. Je, askari wa jeshi hilo anastahili huruma yetu? Mahjub alikuwa mtoto mchanga wakati huo, lakini sitajificha nyuma ya umri wake, kwa kuwa baba zake wa kijeshi walikuwepo. Nasema tu kwamba hatia na deni ni hesabu mbili. Kazi ikiwa mbaya, lawama ya mwajiri huzidi. Haipungui kwa sababu hakulipa ujira.

Mwaka 1941 Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimkamata kwa uhusiano na mwanamke mwingine mzungu, asiye mkewe. Hakufikishwa mahakamani, Septemba mwaka huo alipelekwa Sachsenhausen, akakaa miaka mitatu hadi kifo, akiwa na miaka 40. Mtu anaweza kusema hicho si kifo cha askari, kwani hakufa kwa risasi. Nami nakihesabu kuwa ni cha askari, maana kilimfika mikononi mwa dola aliyoipigania tangu utoto, katika vita ambavyo ilimkatalia kushiriki. Katikati ya Dar es Salaam imesimama sanamu ya Askari ya mwaka 1927, kumbukumbu ya Waafrika wa vita vile vya kwanza. Imeinua bunduki yenye singe, na haina jina la mtu. Mtoto wa mji huo jina lake liko Berlin, Brunnenstraße, kwenye kijiwe cha shaba chenye upana wa sentimita kumi, kilichochimbiwa njiani mwaka 2007. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kijiwe hakilipi, ila kinamtaja mdai kwa jina, na kila deni huanza kuhesabiwa hapo.