Miale ya ubongo: madhara yanayokuja kwa kuchelewa

Radioterapi ni matibabu ya miale inayoua chembe za kansa. Kwa wakaaji wa Uvira, Kiliba na Sange, iko mbali. Kati ya vituo vya karibu ni hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2019. Mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo anaweza kupigwa miale siku tano kwa juma, hata majuma sita, kiisha anarudi nyumbani. Jamaa wanashukuru Mungu, wanasema yamekwisha. Lakini kuna madhara yanayokuja nyuma.

Kati ya mwezi 1 na miezi 6, mtu anaweza kulala sana na kuchoka. Mara nyingi hayo yanapita yenyewe. Yale mazito huanza baada ya miezi 6, pengine baada ya miaka 10. Sababu yake ni kwamba miale imeharibu mishipa midogo ya damu na utando unaofunika nyuzi za ubongo. Pole pole mtu anasahau majina, anakosea chenji sokoni, anayumba akitembea. Mwingine anaanguka kifafa, ao upande mmoja wa mwili unalegea. Mtoto anaweza kuacha kurefuka, masomo yakamshinda.

Hapo ndipo watu wanapotea njia. Mmoja anasema amerogwa, mwingine malaria imepanda kichwani, wa tatu kansa imerudi. Hata kwenye picha ya mashini, sehemu ya ubongo iliyokufa kwa miale inaweza kufanana na uvimbe uliorudi.

Kwa hiyo munganga atauliza: alipigwa miale mwaka gani, sehemu gani ya kichwa, mara ngapi, kwa kipimo gani? Majibu yako kwenye karatasi za matibabu. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, nyumba nyingi ziliondoka na vyote vilivyokuwamo. Piga picha karatasi hizo kwa simu, utumie ndugu wawili.

Dawa za kifafa zipo. Deksametazoni hupunguza kuvimba kwa ubongo, ila mtu aliyeinywa siku nyingi asiiache ghafla bila munganga. Kifafa kipya, kutapika pamoja na kichwa kuuma sana, ao mkono kulegea ghafla: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie munganga mapema kwamba huyu alipigwa miale ya kichwa, hata kama ni zamani.