Jina la Mwenye Wimbo

Kwa Waturkana wimbo wa maksai una mwenyewe. Kijana humchagua mnyama wake kundini, na kuanzia hapo wawili hao hawatenganishwi katika maneno ya watu. Humpinda pembe zingali changa, humvisha kengele shingoni, kisha humtungia wimbo unaotaja rangi yake, madoa yake na jinsi pembe zilivyokaa. Jina la mnyama humrudia mwenyewe: mwenye maksai mwekundu ataitwa Apaloreng. Edonga ikichezwa, watu wakiruka na kupiga makofi, mwanamume huingia katikati na kuimba wake huku mikono yake ikiinuka kuzionyesha pembe, na wengine wote humwitikia. Unaweza kumwitikia jirani yako usiku kucha. Kuuimba wimbo wake kana kwamba ni wako ni jambo jingine kabisa, na mimi sijaona mtu mzima akilifanya.

Naanza na hilo kwa sababu historia ya sauti zetu, jinsi zilivyotoka vinywani zikaingia kwenye kaseti, kwenye memori kadi na hatimaye kwenye intaneti, watu wengi huisimulia wakihesabu mashine. Mimi nimeitazama kutoka Namoruputh, kituo kilicho magharibi ya Lodwar, kwenye barabara inayopita Lorugum kwenda Lokiriama na mpakani mwa Uganda. Nilikosimama mimi, kilichonishughulisha ni majina: lini yalisafiri pamoja na sauti, na lini yaliachwa njiani.

Kwa muda mrefu hakuna kilichosafiri. Wakoloni waliifunga Turkana, mgeni hakuingia bila kibali, na nchi yetu ikatumiwa kuwaweka mbali watu ambao serikali haikutaka waonekane. Jomo Kenyatta alifungwa Lokitaung, kisha mwaka 1959 akaletwa Lodwar. Hata baada ya uhuru, miaka mingi ilipita kabla barabara ya lami haijatufikia kutoka Kitale.

Waliokuja na vinasa sauti mapema, na ambao kazi yao naiheshimu, ni David na Judith MacDougall. Walipiga filamu kwetu mwaka 1973 na 1974, na kutokana na kazi hiyo zikatoka filamu tatu: The Wedding Camels mwaka 1977, Lorang's Way mwaka 1979 na A Wife Among Wives mwaka 1981. Siku hizo filamu nyingi kuhusu Waafrika zilisimuliwa na sauti ya mzungu iliyowafunika waliokuwa wakizungumza. Hawa wawili waliwaacha watu waongee Kiturkana chao, wakaandika tafsiri chini ya picha. Na mzee Lorang, aliyewahi kuwa askari mbali na nyumbani kabla ya kurudi kwenye mifugo, jina lake liko kwenye kichwa cha filamu. Sauti yake ilivuka bahari jina likiwa limetangulia.

Mwaka 1992 ikaanzishwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa hapa Turkana. Wa kwanza kuijaza walikuwa vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia, wengi wao Wadinka na Wanuer, na walikuja na kitu ambacho wenyeji walikifahamu bila kufundishwa. Mdinka naye ana maksai wake wa wimbo. Francis Mading Deng, msomi wa Kidinka, alichapisha The Dinka and Their Songs mwaka 1973, na ukikisoma kitabu hicho ukiwa Mturkana utatikisa kichwa kwa kukubali ukurasa baada ya ukurasa. Magazeti yameandika sana, na kwa haki, juu ya ugomvi wa wenyeji na wakimbizi kuhusu kuni, maji na ardhi. Ningependa wangeandika pia kwamba watu wawili waliogombania mti wa kuni walikuwa wote wanaume walioitwa kwa majina ya ng'ombe wao.

Wadinka ndio walionifundisha, kwa mbali, thamani ya kaseti. Vita viliwatawanya, nao wakawa wanatumiana nyimbo kwa kaseti badala ya barua, kutoka malishoni hadi kambini na kutoka kambini hadi ng'ambo. Mtafiti Angela Impey ameieleza desturi hiyo vizuri. Nyimbo zao hutaja ukoo, ndugu na madai ya mwimbaji, kwa hiyo kaseti ilipofika ilijieleza yenyewe hata kama karatasi ya juu ilikuwa imebanduka. Vijana takriban 3,800 walipohamishiwa Marekani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, kaseti ziliwafuata huko.

Miaka ya kabla ya hapo, huko Ujerumani, watu wengine walikuwa wakihangaika na sauti kwa sababu zao. Kundi la wahandisi, akiwemo Karlheinz Brandenburg, lilikuwa likitafuta njia ya kubana muziki ili faili yake iwe ndogo. Siri yao ni udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika iliyo ndogo karibu yake, na ile iliyofunikwa inaweza kutupwa bila msikilizaji kujua. Brandenburg aliijaribu kazi yake kwa wimbo Tom's Diner wa Suzanne Vega, ambao ni sauti ya mwanamke mmoja bila ala yoyote. Aliuchagua kwa kuwa ulikuwa mgumu. Gitaa na ngoma huficha dosari, lakini sauti ya mtu peke yake huzianika zote. Mwaka 1995 faili hizo zikapewa jina la mwisho la mp3. Habari hii hunigusa kila ninapoikumbuka, maana muziki wetu karibu wote ni koo la mtu, makofi na kishindo cha miguu. Teknolojia iliyokuja kuubeba ilikuwa imepimwa kwa sauti ya aina hiyo hiyo.

Ila mp3 ilizaliwa bila mahali pa jina. Faili ilibeba sauti tu. Mwaka 1996 Eric Kemp akabuni ID3, kijisanduku cha baiti 128 kilichobandikwa mwishoni mwa faili, na miongoni mwa vilivyokaa humo ni herufi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti moja ya aina ya muziki. Kwetu kila ukoo una alama yake ya kuchoma mifugo, na mwanamke akiolewa huingia katika alama ya mumewe. Mnyama aliyepotea akionekana kwenye kundi la watu wengine, alama ndiyo husema ni wa nani hata mchungaji akinyamaza. Kijisanduku cha Kemp kiliwekwa kwa kazi hiyo. Shida ni kwamba alama ya moto haifutiki, na ile ya faili huandikwa upya na yeyote aliye na kompyuta.

Niliona ikiandikwa upya. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na baada yake hata mtu asiyekuwa na wa kumpigia alihitaji simu. Mjomba wangu alifungua duka la kuchaji Namoruputh: sola juu ya mabati, betri ya gari chini ya meza, na kompyuta moja yenye vumbi. Wachungaji waliacha simu asubuhi na kuzichukua jioni. Kila simu ilifungiwa kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, na mjomba hakukubali simu isiyo na karatasi. Wakati simu inachaji, mteja aliweza kuwekewa nyimbo kwenye memori kadi. Zilikuwepo za Kongo, gospeli, rege, na ndani yake nyimbo za kwetu zilizorekodiwa kwa simu harusini au kwenye edonga. Hizo ndizo zilizotafutwa kuliko zote. Ziliitwa "Track 01", "Audio 0047", "New Recording 12". Nyingine zilikuwa zimepitia kwa mtu wa kompyuta mjini, na penye jina la mwimbaji palisomeka jina la duka na namba ya simu.

Karatasi kwenye simu, hakuna jina kwenye wimbo. Hilo lilinikaa moyoni tangu nikiwa kijana. Na si kwamba watu hawakujali. Mzee mmoja alikaa kwenye benchi letu akasikiliza wimbo uliokuwa ukichezwa, akasema mwenye maksai huyo ni nani, amezikwa wapi na alioa kwa nani. Msichana aliyekuwa akiuweka wimbo huo kwenye simu yake alisikia yote. Kadi haikuwa na pa kuyaandika, naye akaondoka na "Audio 0047".

Redio zilisaidia. Radio Akicha ya Dayosisi ya Lodwar, na Ata Nayeche ya Kakuma, yenye jina la Nayeche, bibi wa masimulizi yetu aliyekuja kutoka Karamoja kwa kufuata nyayo za ng'ombe aliyepotea, zilileta watangazaji wanaojua kuuliza, "Wewe ni wa nani?" kabla ya mtu kuimba. Lakini kipindi kikiisha, jina linakwisha nacho.

Biashara na sheria nazo zilijaribu. Skiza, huduma ya Safaricom ya nyimbo anazosikia mpigaji akisubiri simu ipokewe, iliyoanza mwaka 2009, ilimlipa msanii aliyesajiliwa, lakini mtunzi wa wimbo wa maksai hana albamu wala mkataba. Mwaka 2016 Kenya ikapitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayozitaka kaunti ziweke sajili. Niliisoma kwa hamu kubwa. Ni sheria njema, lakini mmiliki wa kwanza inayemwona ni jamii. Wimbo wa maksai si wa Waturkana wote. Ni wa mtu mmoja, na ukiuandika "wimbo wa Kiturkana" umekwisha kumnyang'anya.

Ndiyo maana nilipojifunza kutengeneza tovuti nilijua nitaitumia kwa kazi gani. Watu wa nje hushangaa kwamba ufundi huo uko Turkana, lakini shirika la Learning Lions limekuwa likifundisha vijana kazi za kompyuta kwetu tangu 2015, na mwaka 2021 kampasi yake ilikamilika Loropio, kando ya Ziwa Turkana. Francis Kéré wa Burkina Faso ndiye aliyeichora, ikiwa na minara mirefu ya kutolea hewa ya joto, inayofanana na vichuguu vya mchwa vinavyosimama kote kwetu. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Pritzker ya usanifu wa majengo. Vijana hukaa humo wakiwatengenezea watu wa mbali tovuti za hoteli na maduka.

Mimi natengeneza ya nyimbo za Loima, eneo letu hili la Turkana. Ugumu haukuwa rangi wala mpangilio. Kila kiolezo cha muziki nilichopakua kiliniuliza msanii, albamu na aina ya muziki, na kwenye orodha ya aina nilikuta maneno yasiyomhusu mzee yeyote ninayemjua. Nikalivunja jedwali na kulijenga upya. Safu ya kwanza ni jina la maksai, ya pili jina la mwenye wimbo na la baba yake, kisha rangi, pembe, mahali alipochunga, na aliyekuwa akiitikia. Ya mwisho ni jina la aliyerekodi, kwa herufi ndogo. Sauti naziweka kwa njia moja ya sauti (mono), kilobiti 64 kwa sekunde, hivyo wimbo wa dakika tatu haufiki megabaiti moja na nusu na hauli bando la mtu aliye na shilingi kumi. Ukurasa wenyewe hauna picha kubwa. Lazima ufunguke Namoruputh jioni, mtandao ukiwa umelemewa.

Mzee mmoja, kabla ya kunikubalia nirekodi wimbo wake, aliniuliza kama mtu wa Lodwar ataweza kuuchukua na kuuwekea jina lake mwenyewe. Nilimwambia ataweza. Nikamwonyesha kwamba faili inabaki kwangu na tarehe yake, na kwamba nimeliweka jina lake mara tatu: kwenye jedwali, ndani ya faili, na mwanzoni mwa sauti yenyewe, kwa kinywa chake. Hapo mwanzoni ndipo palipompendeza. Akataka turudie, maana mara ya kwanza alikuwa amesahau kulitaja jina la baba yake.