Mfumo huria wa uendeshaji kwa kompyuta mpakato ndogo

Mfumo huria wa uendeshaji ni programu kuu ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi, na ambayo leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa bila malipo. Inayojulikana zaidi ni mifumo ya Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Kiini hicho kikifungwa pamoja na programu nyingine huitwa distro. Distro ziko mamia, na nyingi hazifai kwa kompyuta mpakato ya bei nafuu yenye kumbukumbu ndogo.

Mazingira ya Nyarugusu

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Kuanzia mwaka 2015 ilipokea pia Warundi wengi. UNHCR na Vodafone Foundation wameweka humo madarasa ya kidijitali ya mpango wa Instant Network Schools, yanayotumia tableti na intaneti.

Nje ya madarasa ya aina hiyo, mwenye kompyuta iliyokwisha kutumika hutegemea bando la simu na chaji ya sola. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke kambini, hivyo kupeleka mashine kwa fundi mjini Kasulu si jambo la asubuhi moja. Mfumo ukigoma baada ya kusakinishwa, hasara ni kubwa kuliko mahali penye duka la kompyuta kila mtaa.

Kumbukumbu na prosesa

Jambo la kwanza kukaguliwa ni prosesa: ya biti 32 au ya biti 64. Mashine za biti 32 zimebaki na nafasi finyu. Lubuntu iliziacha baada ya toleo la 18.10, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi chake. Kwa mashine hizo zimebaki Debian 12, ambayo matengenezo yake ya muda mrefu yamepangwa kufika mwaka 2028, na distro nyepesi kama antiX.

Kwa biti 64, kipimo ni RAM. Yenye GB 4 huendesha Linux Mint ya Xfce bila shida. Yenye GB 2 inafaa zaidi kwa Debian yenye LXQt au Xfce, au Lubuntu. Chini ya GB 1 hubaki antiX na Puppy Linux. Puppy huweza kuishi kwenye flashi na kufanya kazi yote ndani ya RAM, lakini kwa kawaida humpa mtumiaji mamlaka yote ya mfumo, jambo lisilofaa kwa mashine ya darasa inayoshikwa na watoto wengi.

Hata hivyo, kinacholemea mashine ndogo mara nyingi ni kivinjari. Kurasa chache za wavuti zikifunguliwa pamoja humaliza GB 2, distro iwe nyepesi namna gani.

Kusakinisha bila intaneti

Hapa ndipo wengi hukosea. Faili la kusakinishia la Debian linaloitwa *netinst* lina MB mia kadhaa tu, na kwa mwenye bando dogo huonekana kuwa nafuu. Lakini lina mfumo wa msingi peke yake. Mazingira ya dawati huvutwa kutoka mtandaoni wakati wa kusakinisha. Faili la DVD ya kwanza lina karibu GB 4, ila likishanakiliwa kwenye flashi husakinisha dawati kamili bila intaneti. Kwa kuwa leseni inaruhusu, flashi moja huhudumia mashine zote za shule. Zamani Ubuntu ilituma CD za bure kwa posta. Huduma hiyo ilifungwa mwaka 2011.

Wi-Fi ni mtego mwingine. Chipu nyingi huhitaji programu dhibiti isiyo huria, ambayo Debian iliiingiza kwenye kisakinishi chake cha kawaida tangu toleo la 12 mwaka 2023. Ni busara kuwasha kwanza toleo la majaribio kutoka kwenye flashi na kukagua Wi-Fi, sauti na mwanga wa skrini kabla ya kugusa diski, kwa sababu kusakinisha juu ya diski nzima hufuta kila kilichokuwamo.

Masasisho nayo hula bando. Penye kompyuta kadhaa, moja huweza kuwekewa *apt-cacher-ng*, inayotunza kila kifurushi kilichopakuliwa ili mashine nyingine zikichukue hapo badala ya kukilipia upya.

Lugha

Shule za Wakongo kambini zimefuata mtaala wa Kongo, unaofundishwa kwa Kifaransa, ingawa wanafunzi wengi huzungumza Kiswahili au Kibembe. Distro kubwa zina Kifaransa karibu kamili, pamoja na kibodi ya AZERTY. Kiswahili kiko nyuma. Juhudi kubwa ya mwanzo ilikuwa Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Upungufu huo hupungua kwa programu zinazofanya kazi nje ya mtandao. Kolibri, ya masomo, ina kiolesura cha Kiswahili, na Kiwix huhifadhi Wikipedia ya Kiswahili kwenye diski. Zote mbili huweza kuwekwa kwenye mashine moja na kusomwa na simu au kompyuta zilizo jirani kupitia Wi-Fi, bila bando.