Philippa wa Lancaster

Philippa wa Lancaster (kwa Kireno: Filipa de Lencastre, 31 Machi 1360 – 19 Julai 1415) alikuwa malkia wa Ureno tangu mwaka 1387 hadi kufa kwake, akiwa mke wa mfalme João I. Anakumbukwa zaidi kwa watoto aliowazaa na kuwalea.

Asili yake

Alizaliwa Leicester, Uingereza, akiwa kifungua mimba wa John of Gaunt, mwana wa mfalme Edward III, na mkewe Blanche wa Lancaster. Blanche alifariki mwaka 1368. John akaoa tena mwaka 1371, safari hii Constance wa Kastilia, na kwa ndoa hiyo akadai kiti cha ufalme wa huko. Ndugu yake Philippa, Henry, alitwaa taji la Uingereza mwaka 1399 kwa jina la Henry IV.

Ndoa

João alikuwa mwana wa nje ya ndoa wa mfalme Pedro I na mkuu wa shirika la kitawa na kijeshi la Aviz. Alitangazwa mfalme mwaka 1385, na mwaka huohuo akawashinda Wakastilia kwenye vita vya Aljubarrota. Mkataba wa Windsor wa tarehe 9 Mei 1386 ulifunga urafiki wa Ureno na Uingereza, na Philippa akaozwa ili kuukaza. Harusi ilifanyika Porto mwezi Februari 1387, bibi harusi akiwa na umri wa miaka 26, umri mkubwa kwa binti wa kifalme wa zama hizo.

Mumewe alikuwa tayari na watoto wawili kwa Inês Pires: Afonso, aliyeanzisha ukoo wa Bragança, na Beatriz, aliyeolewa Uingereza mwaka 1405.

Watoto

Philippa alizaa watoto tisa. Mabinti wawili walioitwa Branca walikufa wachanga, na Afonso alifariki akiwa mtoto. Waliofikia utu uzima ni:

- Duarte (1391–1438), mfalme kuanzia 1433.
- Pedro (1392–1449), aliyeshika utawala kwa niaba ya mfalme mtoto Afonso V, kisha akauawa vitani Alfarrobeira.
- Henrique (1394–1460), maarufu kama Henrique Baharia, mfadhili wa safari za merikebu kwenye pwani ya magharibi ya Afrika.
- Isabel (1397–1471), aliyeolewa na Philip Mwema wa Burgundia.
- João (1400–1442).
- Fernando (1402–1443), aliyeachwa mateka baada ya Wareno kushindwa Tangier mwaka 1437, akafia kifungoni Fez.

Kifo

Alikufa kwa tauni mwaka 1415, wakati mumewe na wanawe wakijiandaa kuivamia Ceuta. Mji huo ulianguka tarehe 21 Agosti. Mwandishi wa tarehe Zurara anasimulia kwamba malkia aliwakabidhi wanawe panga akiwa kitandani.

Kaburi na uzao

Amezikwa pamoja na João katika monasteri ya Batalha, ambako sanamu zao za mawe zimelala zikishikana mikono. Monasteri hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1983.

Manuel I, kitukuu wake kwa upande wa baba na wa mama, ndiye aliyemtuma Vasco da Gama, aliyefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 majeshi ya mfalme huyohuyo yaliteka Kilwa na kuichoma Mombasa.