Mji Umetwaliwa, Simu Haipatikani

Jioni ya tarehe 28 Novemba 2020, mwenzangu wa chumba alinipa simu yake nisome, bila kusema neno. Tulikuwa tumepanga pamoja Nairobi, ila yeye kwao ni Mekelle, mji mkuu wa jimbo la Tigray nchini Ethiopia. Kwa zaidi ya wiki 3 alikuwa akimpigia mama yake kila usiku, na kila usiku simu haikupatikana. Kwenye skrini palikuwa na ujumbe wa Waziri Mkuu Abiy Ahmed katika Twitter: jeshi la serikali kuu limeudhibiti mji wa Mekelle.

"Habari za kwetu sasa napewa na huyu," akasema.

Leo nasomea shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu machapisho ya viongozi wakati wa vita hivyo. Mwanzoni nilidhani nimepata kazi nyepesi. Wanaoandika kuhusu vita vya zamani husubiri miaka mingi nyaraka zifunguliwe; mimi nilikuwa na ukurasa wa Facebook, tarehe na saa zikiwa tayari. Hata vita vyenyewe vilitangazwa humo. Alfajiri ya 4 Novemba 2020 Abiy, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2019, aliandika kwamba TPLF, chama kilichotawala Tigray, kimeshambulia kambi ya jeshi, na kwamba jeshi limeamriwa kujibu. Usiku huohuo simu na intaneti zilikatika Tigray. Serikali iliilaumu TPLF kwa kukatika huko.

Nilichora jedwali la safu mbili: alichoandika kiongozi, na kilichotokea. Safu ya kwanza ilijaa haraka. Ya pili ilinishinda, mpaka msimamizi wangu aliponishauri niongeze ya tatu: kilijulikana lini.

Hapo ndipo jedwali lilipoanza kusema. Chukua siku ileile ya 28 Novemba. Safu ya kwanza: Mekelle imetwaliwa. Safu ya pili: katika mji wa Aksum, tarehe 28 na 29, wanajeshi wa Eritrea waliua mamia ya raia, kwa mujibu wa Amnesty International. Safu ya tatu: ripoti hiyo ilitoka Februari 2021. Katikati ya tarehe hizo, 30 Novemba, Abiy aliliambia Bunge kwamba jeshi halikuua raia hata mmoja katika operesheni hiyo. Kwamba wanajeshi wa Eritrea walikuwamo Tigray, alikiri bungeni Machi 2021.

Nimelinganisha na Mai Kadra, ambako mamia ya raia, wengi wao Waamhara, waliuawa tarehe 9 Novemba. Mashahidi waliwataja wapiganaji watiifu kwa TPLF. Amnesty iliyathibitisha mauaji hayo siku 3 baadaye, ikitumia picha na video. Waliouawa miji yote miwili wana haki sawa ya kulia. Mji mmoja ulisikika baada ya siku 3, mwingine baada ya karibu miezi 3.

Kumbe hata safu ya kwanza ina tundu. Tarehe 31 Oktoba 2021, wapiganaji wa Tigray wakielekea kusini, Abiy aliandika akiwataka wananchi wajitokeze na silaha yoyote waliyonayo, waizuie TPLF na kuizika. Siku chache baadaye Facebook ililifuta chapisho hilo kwa kuchochea vurugu. Nilipokwenda kulitafuta sikulikuta. Nalinukuu kupitia magazeti. Nyaraka nilizodhani ziko wazi zina mwenye ufunguo, na anakaa California.

Mapatano ya kusitisha vita yalitiwa saini Pretoria tarehe 2 Novemba 2022. Nisingependa msomaji aseme tu kwamba viongozi husema uongo. Hilo tulilijua kabla ya mitandao. Ninachojifunza ni kwamba tangazo la vita lisisomwe kabla ya kuuliza nani, siku hiyo, hakuwa na uwezo wa kulijibu.

Desemba ileile ya 2020 simu zilirudi Mekelle kwa muda, na mwenzangu akampata mama yake. Nilikuwa nimekaa kando yake. Baada ya salamu na machozi, mama, aliyekuwa ndani ya mji uliotwaliwa, alimuuliza bintiye aliyeko Nairobi: "Mwanangu, vita vimefika wapi?"