Mbingu mbili za Le Gray

Juzi mwanafunzi wangu alinitania kwamba picha za machweo nilizopiga likizoni Forodhani, Unguja, ni udanganyifu, eti kwa sababu natumia filta iliyotiwa kiza nusu ya juu. Nikamwambia hebu turudi nyuma kidogo.

Miaka ya 1850 mabamba ya kioo yaliyopakwa kolodioni yaliona buluu kupita kiasi. Ukiipa bahari muda wa kutosha, mbingu inatoka nyeupe tupu kama shuka. Mfaransa Gustave Le Gray akapata dawa: bamba moja la bahari, jingine la mawingu, akayachapa kwenye karatasi moja, maungio akayaficha pale maji yanapokutana na mbingu. Ndivyo alivyoitengeneza La Grande Vague, huko Sète, mwaka 1857. Na bwana huyu mawingu yale yale aliwahi kuyatumia katika picha zaidi ya moja!

Sasa mwongo nani? Bamba lisiloguswa lilitoa mbingu ambayo hakuna mvuvi aliyepata kuiona. Filta yangu inafanya kazi ile ile, tena kwa mawingu ya saa ile ile. Kwa lenzi pana naihitaji zaidi, maana jua na mawe ya miguuni vinaingia pamoja.

Ninachokiri ni filta ya polaraizi. Kwenye lenzi pana, ukielekea kando ya jua, inatia doa la kiza mbinguni. Hapo kijana ana haki, na hiyo nimeiweka kabatini.