Penseli Katika Chumba cha Upasuaji

Katika jamii yetu tumezoea kuwagawa watoto mapema: huyu ni wa sayansi, yule ni wa sanaa. Mwanafunzi mwenye alama nzuri za Baiolojia akionekana anachora daftarini, huambiwa aache mchezo. Kwa maoni yangu, mgawanyo huo unapingana na historia ya tiba yenyewe.

Kwa karne nyingi, madaktari wa Ulaya walijifunza anatomia kwa kutegemea maandishi ya Galen, tabibu wa Kiyunani aliyepasua wanyama badala ya binadamu. Ndiyo maana aliandika kwamba taya la chini la mtu lina mifupa miwili. Mwaka 1543, Andreas Vesalius, mhadhiri wa Padua mwenye umri wa miaka 28, alichapisha mjini Basel kitabu chenye michoro iliyochongwa kwenye mbao. Taya lilikuwa mfupa mmoja, na sasa kila msomaji aliweza kuliona kwa macho yake. Mchoro ulikuwa ushahidi, haukuwa pambo.

Mfano wa pili ni Max Brödel, mchoraji kutoka Leipzig aliyefika Baltimore, Marekani, mwaka 1894 kuchora upasuaji wa Howard Kelly katika Johns Hopkins. Brödel hakuwa daktari, lakini hakukubali kuchora asichokielewa. Alipochunguza mishipa ya damu ya figo, alibainisha sehemu yenye mishipa michache, ambapo mpasuaji angeweza kukata bila kumwaga damu nyingi. Sehemu hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1911 akaanzisha hapo idara ya kuwafundisha wachoraji wa tiba. Warithi wa taaluma hiyo leo hutengeneza pia uhuishaji wa kompyuta, unaoonyesha jinsi kirusi kinavyoingia ndani ya seli.

Hata hivyo, tujiulize: mwili unaochorwa ni wa nani? Mwaka 2021, mchoro wa Mnigeria Chidiebere Ibe, wa mtoto mweusi tumboni mwa mama mweusi, ulienea duniani kote. Wengi walikiri kwamba hawakuwahi kuona mchoro wa aina hiyo. Jambo hili si la heshima tu. Upele unaoelezwa kitabuni kuwa mwekundu, kwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana wa zambarau au wa kahawia iliyokolea. Daktari aliyefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe pekee anaweza kuchelewa kuutambua, na gharama ya kuchelewa huko hulipwa na mgonjwa.

Michoro hiyo haitachorwa kwa niaba yetu na watu wasiotujua. Vyuo vyetu vina walimu wa anatomia na vina walimu wa sanaa, na mara nyingi wanatenganishwa na barabara moja tu. Nawasihi wakuu wa vyuo wawakutanishe, na wazazi wamwachie mtoto penseli yake.